Mswada wa Mbita ubishe mlango upi?

KATIKA miswada ya waandishi wanaoinukia ninayoletewa kila mwaka, ile inayotoka kaunti za Migori na Homa Bay huja na swali lilelile: "Mwalimu, hii niipeleke wapi?" Wapo wahakiki watakaosema kwamba hilo ni swali la soko, na kwamba kazi yetu sisi ni maudhui na fani. Sikubaliani nao. Mahali ambapo mwandishi anatarajia kupeleka kazi yake huamua mengi kabla hajaandika sentensi ya kwanza: urefu wa hadithi, msamiati, mandhari, hata nani afe na nani apone.

Ushahidi umo ndani ya miswada yenyewe. Mwandishi amezaliwa Mbita, amekulia kwenye harufu ya omena inayoanikwa juani, lakini mhusika wake mkuu anatembea chini ya minazi na kusafiri kwa jahazi. Mwingine wa Kehancha ananiandikia kuhusu tajiri wa Nairobi anayeishi kwenye mtaa ambao mwandishi hajawahi kuukanyaga. Kila aya imefungwa kwa methali, na kila mwovu ameadhibiwa kabla ya ukurasa wa mwisho. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa: "Si ndivyo wanavyotaka?" Hao "wanavyotaka" ni akina nani? Ni mhariri wa vitabu vya shule, ambaye ndiye msomaji pekee anayeonekana kutoka huko ufuoni.

Kinachopotea hapo si kidogo. Karibu na Kendu Bay lipo ziwa la Simbi Nyaima, ambalo masimulizi yanasema lilizaliwa pale kijiji kilipomfukuza bikizee aliyeomba hifadhi. Huko Gwassi ndiko kwenye kisa cha Nyamgondho, mvuvi fukara aliyevua mwanamke ziwani, akatajirika, kisha akamtukana na kupoteza kila kitu. Migori ina Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ukitaka ya leo, kuna machimbo ya dhahabu ya Macalder, kuna mzozo wa kisiwa cha Migingo, kuna jaboya, ule utaratibu wa ufuoni unaomlazimu mwanamke kutoa mwili wake ili apate samaki wa kuuza. Riwaya nzima imelala humo. Mbona haijaandikwa kwa Kiswahili ikatufikia?

Nisiambiwe kwamba watu wa ziwani hawana Kiswahili cha kuandikia fasihi. Ng'ambo ya maji yayo hayo, upande wa Tanzania, kipo kisiwa cha Ukerewe. Huko ndiko alikotoka Euphrase Kezilahabi, aliyeipa riwaya yetu sura mpya. Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, haina haja ya kuazima minazi ya Pwani. Inasimama Ukerewe kwenyewe. Huko pia ndiko alikotoka Aniceti Kitereza, aliyekamilisha riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Miaka 35! Mwaka uliofuata akafariki.

Visa hivyo viwili visomwe pamoja. Kipawa kilikuwepo kwa wote wawili. Kilichowatenganisha ni mlango. Rosa Mistika ilichapishwa na East African Literature Bureau, shirika lililoundwa mwaka 1948 na ambalo, pamoja na kasoro zake za kikoloni, lilikuwa likipokea miswada, likiihariri na kuandaa mashindano. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyomzaa Bwana Msa, ilipata nafasi ya kwanza katika shindano la shirika hilo la 1957-58 na ikachapishwa mwaka 1960. Riwaya yetu ya upelelezi, basi, ilipitia kwenye shindano. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, tawi la Kenya likawa Kenya Literature Bureau, ambalo leo wengi wetu tunalifahamu zaidi kwa vitabu vya kiada.

Sasa je, milango iliyopo leo ni ipi? Nitaitaja mmoja mmoja na kusema kila mmoja unadai nini.

Wa kwanza ni gazeti. Tangu Mambo Leo lianze kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, na baadaye kubeba tungo za Shaaban Robert, ukurasa wa mashairi umekuwa shule isiyo na karo. Mlango huu hauulizi shahada wala anwani. Unauliza vina na mizani tu. Ndiyo maana mshairi wa Oyugis au Awendo anaweza kusomwa kote nchini. Hata hivyo, una mipaka yake. Umeilea arudhi vizuri, lakini shairi huru halina raha humo, na hadithi fupi ndiyo kabisa, haina pa kukaa.

Wa pili ni wachapishaji, ambao wengi wao wako Nairobi. Kwa anayeanza, njia nyepesi hapa ni diwani ya hadithi fupi. Mkusanyiko kama Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, huweka chipukizi na wakongwe kwenye jalada moja, na ukiteuliwa kutahiniwa husomwa na maelfu ya wanafunzi. Bei ya mlango huu tumeishaiona: mhariri ana jicho moja kwenye mswada na jingine kwenye silabasi. Simlaumu, kwa sababu kitabu kisichoingia shuleni humtia hasara. Lakini tusijidanganye kwamba silabasi itatuletea riwaya ya jaboya.

Wa tatu ni tuzo za nyumbani. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta na ile ya Wahome Mutahi zote husimamiwa na Chama cha Wachapishaji wa Kenya. Ni tuzo za heshima, ila mwandishi aelewe kwamba hizi hushindaniwa na vitabu vilivyokwisha kuchapishwa. Zinamtuza aliye ndani ya nyumba. Aliye nje hazimfungulii. Kijana anayezisubiri akiwa na mswada kwenye daftari anapoteza muda wake.

Wa nne ndio ninaouona mpana zaidi. Tuzo ya Kiswahili iliyoasisiwa mwaka 2014 na Mukoma wa Ngugi na Lizzy Attree kwa jina la Mabati-Cornell, na ambayo sasa hujulikana kwa jina la Safal, hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa, ya hadithi na ya ushairi. Tangu mwanzo zawadi ya kwanza ilikuwa dola 5,000 kwa kila utanzu, na kazi za washindi zimekuwa zikitafutiwa wachapishaji. Angalia orodha ya washindi: Anna Samwel Manyanza na Mohammed Ghassani mwaka 2015, Ali Hilal Ali na Dotto Rangimoto mwaka 2017, Zainab Alwi Baharoon mwaka 2018. Watanzania wamejaa. Baadhi yetu huku Kenya hunung'unika ati Kiswahili cha majaji kinaegemea upande mmoja. Mimi naona sababu ni nyingine. Mswada wa riwaya hauandikwi kwa wiki mbili baada ya kuona tangazo. Anayeshinda ni yule aliyekuwa akiandika wakati hakuna tangazo lolote.

Upo mlango wa tano, na huu unauma. Mwaka 2022 Tanzania ilizindua Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ni ya raia wa nchi hiyo. Mkurya wa Tarime anaweza kuiwania. Binamu yake wa Kehancha, anayezungumza lugha ileile na kuvuka Isebania kwenda Sirare sokoni, hawezi. Siwalaumu majirani kwa kuwatunza watu wao. Mcheza kwao hutunzwa. Ninachouliza ni hiki: anayecheza Migori atatunzwa na nani?

Hapo ndipo lawama yangu inapoelekea kwenye kaunti. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inaitaka dola ikuze utamaduni kupitia fasihi na sanaa. Jedwali la Nne linazipa serikali za kaunti jukumu la maktaba, makavazi na shughuli za utamaduni. Kwa hiyo msaada kwa mwandishi hauombwi kama sadaka. Umeandikwa. Tulichozoea badala yake ni uzinduzi wa kitabu wenye hema na maikrofoni, ambapo mheshimiwa hununua nakala kumi kwa bei ya kujitangazia, anapigwa picha, na kitabu kinakufa jioni hiyohiyo. Bahasha si sera.

Sera ingekuwa nini? Si jambo la mabilioni. Ni shindano la kila mwaka lenye tarehe inayojulikana, ili mwandishi apange mwaka wake. Ni majaji kutoka vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya, ambavyo viko papo hapo. Ni mhariri wa kulipwa wa kukaa na mshindi miezi kadhaa, kwa sababu miswada mingi ninayoiona haihitaji sifa, inahitaji kalamu nyekundu. Na ni kaunti kujifunga kununua nakala za kutosha kwa maktaba zake, ili mchapishaji asiogope kitabu kisichokuwa cha mtihani. East African Literature Bureau ilifanya sehemu kubwa ya hayo wakati barua ilichukua majuma kufika.

Wakati tukisubiri, namshauri mwandishi hivi. Shairi la arudhi lipeleke gazetini. Hadithi fupi ichongee diwani, lakini uliza kwanza ni ya kiwango gani cha shule. Riwaya au diwani ya mashairi ambayo haitaki kuinama, iandalie tuzo inayopokea miswada. Ukiamua kujichapishia, nambari ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, na hakimiliki husajiliwa na bodi ya KECOBO. Usimlipe mtu wa njiani akufanyie. Zaidi ya yote, usiuachie mlango uamue hadithi. Andika kwanza kisa cha ufuo wako, na mbuta wake na magugu yake, ukimalize. Ndipo uulize upeleke wapi.