Nani Atumwe Ng'ambo? Kitabu cha Robert Serpell na Suala la Kumpendekeza Mtafiti wa Saikolojia

Kitabu cha Robert Serpell kiitwacho The Significance of Schooling, kilichotolewa na Cambridge University Press mwaka 1993, huwekwa katika rafu za saikolojia na elimu, na mwanafunzi wa lugha hupita mbele yake bila kukigusa. Hiyo ni hasara. Serpell ni Mwingereza aliyefika katika Chuo Kikuu cha Zambia mwaka 1965, akafundisha saikolojia huko kwa miaka mingi, na baada ya kufundisha Marekani katika miaka ya 1990 akarudi Lusaka kuwa Makamu Mkuu wa chuo hicho tangu 2003 hadi 2006. Kitabu chake kinaeleza utafiti ulioanza miaka ya 1970 katika vijiji vya Wachewa wilayani Katete, mashariki mwa Zambia. Ndani yake limo swali moja ambalo kila kamati inayopendekeza wasomi ingefaa ilitafakari.

Badala ya kuwauliza wazee "mtoto yupi ana akili?", Serpell na wasaidizi wake waliwawekea mifano ya maisha. Tuseme nyumba imeshika moto, na waliopo ni watoto hawa tu. Yupi utamtuma akaite watu? Mzee alichagua, kisha akaombwa aeleze kwa nini amemchagua huyo na si mwingine. Msamiati wa akili ulitoka katika sababu zile. Mtafiti hakuubeba kutoka kwake. Neno kuu likawa nzelu, na chini yake yakajipanga maneno mengine: kuchenjela, ambalo ni werevu, kumvela, ambalo ni kusikia na kutii kwa pamoja, kukhulupilika, ambalo ni uaminifu, na kutumikila, yaani kuwa mtu anayeweza kutumwa akaenda, akafanya alichoagizwa, akarudi na jibu. Werevu usio na hilo la mwisho haukuhesabiwa kuwa nzelu kamili. Na tathmini za wazee juu ya watoto hazikulingana sana na maendeleo ya watoto hao shuleni.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi ili kuhisi undugu wa maneno haya. Tuma, tumika, tumikia: mzizi ni ule ule. Hata uhusiano wa kusikia na kutii si mgeni kwetu, kwani mtoto msikivu hasifiwi kwa ajili ya masikio yake. Utafiti uliofanywa miongoni mwa Wajaluo wa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2001 na Elena Grigorenko, Robert Sternberg na wenzao ulikuta mpangilio unaokaribiana na huu: rieko kwa maarifa na ustadi, luoro kwa heshima na adabu, paro kwa fikra na kujianzishia jambo, winjo kwa uelewa wa kukabiliana na mambo ya maisha, na neno hili la mwisho linatoka katika kusikia. Kati ya hayo manne, ni rieko peke yake iliyoonyesha uhusiano na mitihani ya kishule.

Hata hivyo, undugu wa maneno ni mtego, na hapa ndipo hoja yangu inapoanza. Tuchukue swali la Serpell tulipeleke kwetu, katika reli ile inayotoka Tenke kupita Kolwezi na Mutshatsha hadi Kasaji na Dilolo. Mfasiri aliyesoma Kiswahili sanifu atatafuta neno la kutumikila, na mkono wake utaenda kwenye kutumika. Lakini katika Kiswahili cha Katanga kutumika ni kufanya kazi. "Baba anatumika ku Gécamines" si sentensi ya kushangaza. Ndiyo sentensi ya kawaida ambayo mtoto wa kambi ya mgodi aliijibia alipoulizwa habari za baba yake. Basi mzazi wa Kolwezi akiulizwa ni mtoto yupi "mwenye kutumika", atasikia: ni mtoto yupi anayefanya kazi? Naye anaweza kumtaja yule anayekwenda kuosha mawe ya kobalti kwenye maji kila asubuhi. Jibu litaandikwa, litahesabiwa, litaingizwa katika jedwali chini ya kichwa cha "uwajibikaji wa kijamii", na huko ng'ambo mtu atasoma kwamba wazazi wa Lualaba wanaona utumikishwaji wa watoto kuwa dalili ya akili. Kosa la kiambishi kimoja litakuwa limewasingizia watu wa mkoa mzima.

Neno akili lenyewe halina usalama zaidi. Kwetu linaishi pamoja na mayele, na hayo mawili hayabadilishani nafasi. Mayele ni ujanja wa kupenya penye ugumu. Anayesifiwa kwa mayele anasifiwa na kuogopwa kwa pumzi moja. Orodha ya maswali inayotumia akili peke yake itavuna majibu ya darasani, na inayotumia mayele peke yake itavuna majibu ya sokoni.

Wanasaikolojia watasema kwamba wanayo dawa, nayo ni tafsiri ya kurudisha, ambayo Richard Brislin aliieleza katika makala yake ya mwaka 1970: mmoja anatafsiri kwenda lugha ya pili, mwingine asiyeona matini ya awali anarudisha katika lugha ya kwanza, kisha matini mbili zinalinganishwa. Njia hii ina manufaa, na sisemi iachwe. Lakini wafasiri wote wawili kwa kawaida wamekalia madawati ya aina moja. Wa kwanza atageuza intelligence ya Kifaransa kuwa akili, wa pili atageuza akili kuwa intelligence, na kila mtu atapongezana, ilhali mama anayeuza mihogo kando ya stesheni ya Kasaji hakuwahi kuulizwa. Usawa unaopatikana hapo ni usawa wa wasomi wawili tu.

Si mara ya kwanza eneo letu kupimwa akili kwa vyombo vya watu wengine. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilikuwa na kituo cha CEPSI tangu 1946, kilichochunguza yaliyoitwa matatizo ya jamii ya wenyeji, na kampuni za migodi kusini mwa Afrika zilihitaji vipimo vya kuchagulia wafanyakazi. Mfaransa André Ombredane alitoa mwaka 1954 kipimo chake cha picha kilichojulikana kama Congo T.A.T. Haifai kumweka Ombredane katika kapu moja na wote. Katika kazi aliyoichapisha na wenzake mwaka 1956 juu ya Asalampasu wa Kasai, watu hao hao walipewa kipimo cha maumbo cha Raven zaidi ya mara moja, na alama zao zikapanda. Maana yake ni wazi kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya mtihani: kilichopimwa mara ya kwanza kilikuwa pia ugeni wa chombo. Jambo hilo lilijulikana Kongo kabla ya uhuru, na bado mtu husikia leo alama za jaribio la mara moja zikitajwa kana kwamba ni urefu wa mlima.

Kuna sababu moja ya kwetu wenyewe inayofanya elimu hizi mbili, ya nafsi na ya lugha, zisizoeane. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire kilipoundwa mwaka 1971, vitivo viligawanywa kati ya miji: fasihi na isimu zikabaki Lubumbashi, saikolojia na elimu zikapelekwa Kisangani. Kwa miaka kumi, mpaka vyuo vilipotenganishwa tena mwaka 1981, mwanaisimu na mwanasaikolojia wa nchi moja walikutana kwa barua, na posta yetu tunaijua. Ukuta huo wa vitivo ulibomolewa katika karatasi. Katika mazoea ya kazi naona bado umesimama.

Hilo linanileta kwenye faili. Mwaka huu niliombwa kutoa maoni juu ya upande wa lugha katika maombi ya mwenzetu mmoja, mtu wa Kasaji, mwenye lisansi ya saikolojia, anayetaka nafasi ya utafiti Ubelgiji. Nia yake ni kulinganisha jinsi wazazi wa Lualaba na wazazi wenye asili ya Lualaba waliohamia Brussels wanavyoeleza mtoto mwenye akili. Barua za kumpendekeza zilizokwisha kuwemo zinasema ana bidii, anajua takwimu, Kiingereza chake kinatosha, na ana tabia njema. Sipingi hata moja. Naona tu kwamba barua hizo zingeweza kuandikwa kwa ajili ya mtu yeyote anayekwenda kusomea jambo lolote popote. Hakuna inayosema kama anaweza kuuliza swali moja katika Kichokwe, katika Kiswahili cha Katanga na katika Kifaransa, na akatambua ni wapi amekwisha kuuliza maswali matatu tofauti. Kwa utafiti wa tamaduni linganishi, hicho ndicho chombo cha kwanza cha kazi. Takwimu huja baada yake.

Lipo pia suala la mwelekeo wa ulinganisho. Joseph Henrich na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba saikolojia inayojiita ya binadamu wote imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya watu wa jamii za Magharibi, ambao katika mambo mengi si kipimo bali ni kando. Serpell alikwisha kugusa hoja hiyo mwaka 1979 kwa njia rahisi inayonipendeza kuliko nadharia nyingi. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo kwa vifaa mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliwashinda Wazambia. Kwa waya Wazambia waliwashinda Waingereza. Kwa udongo wa kufinyanga hawakupishana. Mtoto wa Kasaji anayetengeneza gari la waya lenye usukani unaogeuka angeelewa matokeo hayo bila maelezo. Kutokana na mkondo huo kilisanifiwa baadaye Zambia kipimo cha Panga Muntu, ambacho mtoto anafinyanga mtu kwa udongo badala ya kumchora. Naongeza tu kwamba kikivuka mpaka wa Kasumbalesa kitahitaji jina jingine, kwa kuwa panga ya kule ni kutengeneza, na panga ya kwetu ni kuweka katika safu au kukodi nyumba.

Kitabu kina upungufu wake. Mwanaisimu anatamani apewe nafasi kubwa zaidi ya mazungumzo yenyewe ya wazee, jinsi walivyositasita na kujisahihisha, kuliko maneno yaliyokwisha kuchambuliwa na kupewa visawe vya Kiingereza. Na kikubwa zaidi, Katete ya Serpell ni nchi ya lugha moja kuu. Njia yake haiwezi kuhamishiwa Kasaji ilivyo, mahali ambapo mtu mmoja humlea mtoto kwa Kichokwe, Kilunda au Kiluvale, humtuma dukani kwa Kiswahili, na humkaripia kwa Kifaransa siku ya matokeo ya shule. Huenda mtoto mwenye akili ni watoto watatu kulingana na lugha anayosemewa. Mtafiti wetu akilithibitisha hilo, au akilikanusha, atakuwa ameongeza kitu ambacho kitabu hiki hakina.

Sura zinazouma zaidi ni zile ambamo Serpell anaeleza shule kama mgodi. Anasema kufaulu kulikopangwa na shule ni kufaulu kwa kuondoka: anayefika mbali anatolewa kijijini, na waliobaki wanahesabiwa kuwa walioshindwa, ingawa ndio wanaolima, wanaozika na wanaoamua kesi. Watu wa Lualaba hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kitu kinachochimbwa hapa na kusafishwa kwingine. Je, kumpendekeza mwenzetu aende ng'ambo si kuongeza behewa jingine? Swali ni halali, lakini jibu la haraka halifai. V. Y. Mudimbe aliondoka Lubumbashi karibu na mwaka 1980, na kitabu chake cha 1988, The Invention of Africa, kilichoandikwa ughaibuni, kimetufundisha kuisoma maktaba iliyoandikwa juu yetu. Tofauti sioni katika mahali anapolala msomi. Naiona katika kama waliompa maneno yao wanapata nafasi ya kumjibu.

Serpell na wenzake wa Zambia walirudisha matokeo kijijini kwa mchezo wa kuigiza, watu wakatazama na kubishana. Sisi tunayo njia hiyo tangu zamani. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo michezo yake ilikusanywa na Walter Schicho na Mbayabo Ndala katika kitabu cha 1981, na ambalo Johannes Fabian aliliandikia Power and Performance mwaka 1990, limekuwa likiwafikia wasikilizaji kwa Kiswahili chao hasa, hiki tunachokionea haya darasani. Ripoti ya utafiti juu ya akili ya mtoto ikichezwa ukumbini Kasaji itapata wahakiki wakali kuliko wa jarida lolote.

Basi nimempendekeza. Nimeandika kwamba orodha yake ya maswali isifasiriwe Brussels bali itungwe upya Kasaji na Kolwezi kutokana na sababu ambazo wazazi wenyewe watazitoa, kwamba kila neno kuu lifuatane na sentensi tatu za wasemaji, kwamba kutumika liondolewe mahali popote linaposimama badala ya kutumwa, na kwamba gharama ya kurudi na kuonyesha matokeo iingizwe katika bajeti ya mwaka wa kwanza, si wa mwisho. Maoni hayo nimeyaandika kwa Kiswahili. Tafsiri ya Kifaransa imebandikwa nyuma yake.