Kazi ya Bendi kwa Vidole Viwili: Gumba la Mwenda Jean Bosco

Bendi ya dansi ina mgawanyo wa kazi unaoeleweka. Besi hushika chini, ridhimu hujaza katikati, mpiga solo hupita juu, na bendi yenye uwezo huongeza second solo. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili, alizibeba kazi hizo kwa gitaa kavu moja, akitumia kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Kibao chake "Masanga" cha siku zile bado kinatutoa jasho sisi tunaopiga peke yetu kwenye mahoteli.

Wasikilizaji wengi husifu kasi yake. Wapiga gitaa tukikutana, tunalizungumzia gumba.

Tuanze na mkono wa kushoto, maana hapo hakuna siri kubwa. Chodi za "Masanga" ni zile anazoanza nazo kila mwanafunzi: umbo la C, F na G. Muziki huanzia juu, kwenye nyuzi nyembamba, ukateremka hadi kukaribia eneo la besi, kisha ukapanda tena. Mpigaji wa kawaida anaweza kuzikariri sehemu hizo. Akizipiga zote bila kukosea hata moja, bado itasikika kama mazoezi, kwa sababu kinachoutembeza wimbo kiko mkono wa kulia.

Chukua gitaa ujaribu. Shika C. Mapigo manne yagawe yawe nusu nane. Gumba lipige nusu ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7, likipokezana uzi wa tano na wa nne. Kidole cha shahada kipige ya 1, ya 4 na ya 7 kwenye nyuzi nyembamba. Vidole vinaanza pamoja, halafu vinaachana: kwenye ya 4 shahada kiko peke yake, gumba limeshapita na zamu yake nyingine haijafika. Vinakutana tena kwenye ya 7, na duru inaanza upya. Msikilizaji anadhani wako watu wawili, mmoja anahesabu mbilimbili na mwingine anavuta tatutatu, lakini wote wanafika mlangoni kwa wakati mmoja.

Mahali pa kuangalia ni ile nusu ya 4. Anayeanza kujifunza hulichelewesha gumba ili limsubiri shahada mwenzake, na hapo hapo wimbo unachechemea. Kwa Bosco gumba halisubiri mtu. Kwa kuwa halitikisiki, shahada kinapata uhuru wa kuwahi, kuchelewa au kunyamaza kabisa, na sisi tunauita uhuru huo vionjo.

Mlinganishe na George Mukabi wa magharibi mwa Kenya, bingwa wa mtindo wa gitaa uitwao omutibo. Naye alipiga kwa gumba na shahada, ila besi yake hutembea na kuimba yenyewe, karibu iwe sauti ya pili. Katika omutibo chupa ya soda hushika mapigo, kwa hiyo gumba linapata ruhusa ya kuzurura. Bosco katika "Masanga" hana chupa wala ngoma. Ikabidi gumba lake liwe besi na ngoma kwa pamoja, na ndiyo maana lina nidhamu kali namna ile.

Nidhamu hiyo naihitaji kila ninapopiga ukumbini bila mpiga dramu. Watu wanakula, sahani zinagongana, na besi ndiyo ya kwanza kumezwa na kelele. Ukilikaza gumba ili lisikike, linafunika solo. Mimi hulaza ubavu wa kiganja karibu na daraja, nyuzi nene zikatike mapema, zisikike kama mguu unaogonga sakafu. Kishawishi kingine ni kukimbia ili uvute macho ya watu. Ukikimbia, ile nusu ya 4 inabanwa, tatutatu inatoweka, na kilichobaki ni fujo ya noti. Kwa hiyo "Masanga" naipiga taratibu kuliko Bosco mwenyewe, na hakuna mcheza dansi aliyewahi kunilalamikia.

Bosco alikuwa pia mwimbaji, kwa hiyo katika nyimbo zake juu ya tabaka mbili za gumba na shahada alipandisha sauti yake. Kichwa hakiwezi kuhesabu gumba na shahada huku kikikumbuka maneno ya wimbo. Lazima kimojawapo kijiendeshe, na ni gumba.

Ndiyo maana nikimsikia kijana anaicharaza "Masanga" kwa kasi ya kutisha, sikimbilii kumpongeza. Namuuliza habari za nyumbani huku akiendelea kupiga. Akinijibu na gumba lisikatike, huyo amefika. Likisimama, namrudisha kwenye zile nusu nane.