Kibao Kizuri Hupimwa kwa Mapengo

Ukipita Kilwa Masoko, Kivinje au Lindi mjini, usikihukumu kibao cha mgahawa kwa rangi yake. Rangi inayong'aa huuzwa dukani. Ufundi uko katika nafasi zilizoachwa kati ya herufi.

Chukua neno MGAHAWA. Kiswahili kinapenda A, na hapa zimo tatu. Anayepima kwa rula huacha pengo lile lile kila mahali, na mwisho wa neno hukatika vipande: W inaelea peke yake. Fundi wa kweli hupima kwa jicho. Huusogeza mguu wa A uingie chini ya bawa la W, kisha G huiruhusu ivuke kidogo mstari wa juu na wa chini, kwa sababu herufi ya mviringo ikiishia pale pale kwenye mstari huonekana imepungua. Mimi hutazama hizo A kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu sogea karibu. Mkono uliosita huacha ukingo wenye mawimbi. Mpigo wa burashi bapa uliotoka mara moja huwa na ncha safi. Kivuli nacho kiangukie upande mmoja tu, toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

Majina ya mashua na majahazi ni mtihani mkubwa zaidi. Mbao huungana kwa mishono, na mishono itazibwa tena kwa kalafati chombo kikipandishwa pwani. Kwa hiyo mwandishi makini hulipanga jina ndani ya upana wa ubao mmoja, lisivuke mshono, na haweki rangi mpaka ubao uliopakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, ukwanguliwe na kukauka, maana rangi haishiki juu ya mafuta.

Pwani hii imezoea maandishi ya kubana. Masultani wa Kilwa Kisiwani walitoa sarafu ndogo za shaba zenye Kiarabu cha vina, jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, vina vikiitikiana. Kuyaeneza maneno kwenye duara dogo vile kunataka jicho lile lile.

Anayetaka kuzigeuza herufi za vibao hivi kuwa fonti ya kompyuta achore A zaidi ya moja, na arekebishe kwa mkono jozi za WA, AW, YA na KA. Kisha aijaribu kwa KARIBU WATEJA, kwa ukubwa wa ukutani, akiwa amesimama ng'ambo ya barabara.