Kuchagua Stenlesi ya Kukaa Motoni

Mabomba yanayochota joto la moshi wa tanuri na kupasha hewa inayoingia hayachaguliwi kwa mng'aro. Mng'aro ni kazi ya msasa, na moto wa nyuzi 900 za selsiasi huufuta siku ya kwanza. Kinacholinda bomba ni ngozi nyembamba ya oksidi ya kromi inayojiotea juu ya chuma. Ngozi ikishika, bomba linadumu.

Chukua 304, yenye kromi asilimia 18 na nikeli 8 hivi, ile ya masinki na matangi ya maziwa. Moto usiozimwa huuvumilia hadi nyuzi 925. Tanuri la kuwasha asubuhi na kuzima jioni, mwisho wake ni 870. Wanunuzi wengi hudhani kupoa ni kupumzika, kumbe kupoa ndiko kunakoua: chuma hunywea kuliko ngozi yake, ngozi inapasuka na kudondoka magamba, na kromi nyingine inaliwa kuotesha mpya. Ndiyo maana 310, yenye kromi 25 na nikeli 20, nayo hushuka kutoka 1150 hadi 1035. Tena ikikaa muda mrefu kati ya 600 na 900 hukakamaa, ikipoa ukaigonga inavunjika. Kwa tanuri la washa-zima mimi napenda 253MA. Nikeli yake ni 11 tu, lakini silikoni na chembe za seriamu huifanya ngozi ing'ang'anie.

Herufi nazo zisome. 304L ina kaboni kidogo mno, ikipata moto hulegea. Ya motoni ni 304H.

Sumaku ya mfukoni husaidia nusu. Ikinata kwa nguvu, hiyo si 310. Isiponata, usishangilie: 201 ya manganizi nayo hainati, na nilishauziwa kwa jina la 310. Baada ya wiki chache mabomba yakawa yanamwagika magamba ukiyapangusa kwa kidole. Tangu hapo sinunui bila cheti cha kiwandani, na namba yake niione kwenye bomba lenyewe.

Kisha mulika tochi ndani, nyuma ya mshono wa kuchomelea. Rangi ya majani makavu ni njema. Ukikuta uvimbe mweusi wa chengachenga, kama sukari iliyoungulia sufuriani, fundi hakupitisha gesi ya argoni ndani. Likatae, hata kama kwa nje mshono umenyooka kama uzi.