Tumbawe, Chokaa na Kuba: Uashi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake kongwe ya kaskazini ilijengwa kati ya karne ya 11 na ya 12, unastahili kusifiwa si kwa ukubwa wake pekee, bali kwa sababu kuta na nguzo zake zinaonyesha jinsi waashi wa mwambao walivyojifunza kazi yao kizazi baada ya kizazi.

Malighafi yao ilipatikana jirani. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, ilhali kazi ya nakshi, kama ile ya mihrabu, yaani kishubaka kinachoelekeza kibla, ilihitaji tumbawe la baharini, ambalo huchongeka kwa wepesi likiwa bichi na kuwa gumu likishapigwa na hewa. Matumbawe hayo hayo yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa hadi yakawa chokaa, nayo ikazimwa kwa maji kabla ya kuchanganywa na mchanga. Palipoezekwa dari bapa, boriti za mikoko ndizo zilizobeba mawe na chokaa, na kwa kuwa urefu wa boriti una kikomo, upana kati ya mhimili na mhimili nao ulikuwa na kikomo.

Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, aliupanua msikiti upande wa kusini kwa nguzo zilizochongwa kila moja katika jiwe zima la tumbawe. Nguzo hizo zilipendeza, lakini jengo hilo liliporomoka. Waashi wa karne ya 15 walipolijenga upya hawakurudia umbo lile: walisimamisha nguzo nene za pembe nane, zilizojengwa kwa mawe madogo na chokaa, wakaziunganisha kwa matao, na juu yake wakajenga kuba, yaani mapaa ya duara, pamoja na mapaa marefu yaliyopinda, ili uzito ushuke kupitia matao hadi nguzoni na kufika kwenye msingi.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya hifadhi. Kazi ya namna hiyo humrudisha fundi kwenye chokaa, kwa kuwa saruji ni ngumu kupita tumbawe na huzuia unyevu usitoke ukutani; hivyo anayetaka kuutunza msikiti huu hana budi kwanza kuwa mwanafunzi wa waashi walioujenga.