Picha Nzuri, Ndege Wametupa Kisogo

Unaijua ile picha. Jua linazama, maji yanang'aa, na mamia ya ndege wa ufukweni wamepaa kwa pamoja kama moshi. Kila msimu inazunguka kwenye simu zetu, na chini yake watu wanaandika "mashallah". Hata mimi ninayo. Niliipiga kwenye hori la Mida, pale Watamu, na kwa muda mrefu niliiona ndiyo kazi yangu bora. Siku hizi inanisuta.

Itazame vizuri. Vichwa vyote kule, mikia yote huku. Hawa hawakuwa safarini, walikuwa wanatukimbia. Kweli, kuna siku huwa ni kozi amewavamia. Siku ile hapakuwa na kozi. Palikuwa na mimi, na nahodha wa mtumbwi niliyemwomba asogee "kidogo tu".

Tatizo ni saa tunayoichagua. Maji yakipwa, ndege hutawanyika topeni kutafuta minyoo na kaa wadogo. Maji yakijaa, chakula chote kimefunikwa, basi wanabanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki, wapumzike. Ndipo na sisi tunapofika, maana wako karibu na wamejazana! Sasa mchukue yule mdogo mwenye mdomo uliopinda kidogo chini, ambaye wanasayansi humwita Calidris ferruginea. Huzaliana Siberia, kaskazini kabisa. Siku za kawaida ana gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Kabla ya kuondoka, mwezi wa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, hula mno na kuweka akiba ya mafuta mwilini. Hayo ndiyo petroli yake ya safari, na kila akirushwa bure anayachoma. Kumrusha mara moja hakumuui. Ila wewe ni mpiga picha wa ngapi siku hiyo?

Halafu, hata kama picha, ile ya moshi haisemi kitu. Ni ndege gani? Anakula nini? Nipe ile ambayo ndege ana tope hadi magotini na anavuta mnyoo, kifua kimeanza kugeuka chekundu kwa ajili ya kuzaliana. Au hata ile ya mguu tu wenye pete za rangi. Haina mvuto, najua, lakini pete zikisomeka, watafiti wanaweza kujua ndege huyo alivishwa wapi na lini.

Picha hizo hazihitaji mtumbwi. Pale Mida kuna daraja la mbao linalopita kati ya mikoko, na mwisho wake kibanda cha kuangalia ndege. Ingia kabla maji hayajaanza kujaa, ukae kimya, maji yenyewe yatakuletea ndege. Beba maji ya kunywa, maana joto la mle ndani si mchezo.