Chibueze Aliyegeuzwa Shaboozey: Tunahakiki Wimbo au Pasipoti?

Katika semina ya idara yetu muhula uliopita, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliwasilisha makala juu ya mwimbaji wa Marekani ajulikanaye kwa jina la Shaboozey. Baadhi ya wenzetu waliguna, kwani semina ilihusu fasihi simulizi na si nyota wa ng'ambo. Sisi tuliunga mkono mada hiyo. Muziki wa kantri si mgeni katika bara hili: watu wa rika letu hapa Uganda tulikua tukimsikia Jim Reeves redioni, na Don Williams aliwahi kufika kuimba Harare mwaka 1997. Kilichotukera ni jambo jingine. Mwasilishaji alimsifu mwimbaji kwa dakika ishirini nzima bila kuuchambua wimbo wake hata mmoja. Kwa kuwa kasoro hiyo tunaikuta pia katika tasnifu nyingi tunazozisahihisha, tumeona vema kulijadili jambo hili hapa.

Kwanza, wasifu kwa ufupi. Mwimbaji huyu alizaliwa mwaka 1995 katika jimbo la Virginia, na wazazi wake ni wahamiaji kutoka Nigeria, Waigbo kwa asili. Jina lake halisi ni Collins Obinna Chibueze. Akiwa kijana alipelekwa kusoma shule ya bweni huko Nigeria, kisha akarejea Virginia. Kabla ya kuvuma alikwisha kutoa albamu mbili, ya mwaka 2018 na ya mwaka 2022, ambazo hazikumfikisha mbali. Machi 2024 alishirikishwa na Beyoncé katika albamu ya Cowboy Carter. Mwezi uliofuata alitoa "A Bar Song (Tipsy)", na wimbo huo ukakaa kileleni mwa orodha kuu ya Billboard kwa majuma 19, ukilingana na rekodi iliyokuwa imewekwa na Lil Nas X mwaka 2019 kwa "Old Town Road". Msomaji akumbuke kwamba huo wa Lil Nas X uliondolewa na Billboard katika orodha ya nyimbo za kantri kwa madai kwamba haukuwa na ukantri wa kutosha. Huu wa Shaboozey uliachwa humo, tena ukashika nafasi ya kwanza, ukimpokea Beyoncé mwenyewe.

Jina la Shaboozey lilitokana na kocha wake wa shule ya sekondari, ambaye hakuweza kulipata sawasawa jina la Chibueze. Hapa mwalimu wa Kiswahili hana budi kutabasamu. Chi-bu-e-ze: silabi nne, zote wazi, zote zikiishia na irabu. Mtoto wa darasa la pili anayejifunza kusoma Kiswahili angelitamka bila kusita, ingawa asingejua kwamba kwa Kiigbo maana yake ni kuwa Mungu ni mfalme. Kosa la kocha, tukiliandika kwa tahajia yetu, linatupa "Shabuzi", na mwenzetu mmoja aliyesomea Dar es Salaam hakuweza kujizuia kucheka kwa sababu ya hilo "buzi" la mwishoni. (Wasiojua maana yake ya mitaani wamuulize yeye, si sisi.)

Mwasilishaji alidai kwamba kulikubali jina lililoharibiwa ni kuusaliti utamaduni. Hatukubaliani naye, ingawa tunaielewa hasira yake. Siku tulipohitimu shahada ya uzamili katika chuo cha nchi jirani, msoma majina alilivuruga jina letu kiasi kwamba mama, aliyesafiri usiku kucha kwa basi, hakupiga makofi. Hakujua kwamba aliyeitwa ni mwanawe. Kwa hiyo uchungu huo tunaujua. Hata hivyo, kulikuta jina lako limeharibiwa ni jambo moja, na kulichukua lile lililoharibika ukalifanyia kazi mpaka wengine walazimike kulijifunza ni jambo jingine. Aidha, huyu bwana hakulificha la kwanza. Kila anayetaka kulijua anajua.

Wala hawezi kutuhumiwa kwamba haijui historia ya muziki anaouimba. Mwezi Mei 2025, katika hafla ya tuzo za American Music Awards, alisimama jukwaani pamoja na Megan Moroney kutangaza tuzo, na maelezo waliyoandikiwa yakasema kwamba familia ya Carter ndiyo iliyobuni muziki wa kantri. Watazamaji waliuona uso wake ukigeuka. Baadaye alitaja hadharani majina ya watu ambao watazamaji wakawatafute wenyewe, miongoni mwao Lesley Riddle na DeFord Bailey. Riddle, Mwafrika wa Marekani, alizunguka na A. P. Carter kukusanya nyimbo. Bailey, mpiga kinanda cha mdomo, alikuwa nyota wa Grand Ole Opry katika miaka ya 1920, akaachishwa kazi mwaka 1941, na hakuingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri hadi mwaka 2005, miaka 23 baada ya kufa. Banjo nayo ni chombo kilichotokana na vyombo vya Waafrika waliopelekwa utumwani. Ni dhahiri kwamba mwasilishaji alikuwa na hoja nzito mkononi.

Lakini hoja hiyo inahusu haki ya mtu kuingia nyumbani. Haituambii amepika nini baada ya kuingia.

Tuutazame basi huo wimbo wa baa. Muundo wake ni wa kuhesabu kwa tarakimu, na umeazimwa waziwazi kutoka "Tipsy", wimbo wa rapu wa J-Kwon wa mwaka 2004. Huu ni mwingilianomatini wa dhahiri, nao umefanywa kwa ustadi: hesabu iliyokuwa ya vijana wa sherehe imevalishwa gitaa na makofi, ikawa ya watu wazima waliochoka. Ubeti wa kwanza unaahidi mengi. Nafsineni ni mfanyakazi anayelemewa na bei ya petroli na ya vyakula, huku mpenzi wake akitaka mkoba wa bei ya kutisha. Tunategemea tumsikie zaidi. Badala yake kiitikio kinafika, wiski inamiminwa, na ile petroli hatuisikii tena. Kiitikio kimezimeza beti. Watetezi watasema kwamba hivyo ndivyo ulevi ulivyo, mtu hunywa ili asahau. Ni utetezi mzuri, ila tunashuku kwamba aliyesahau hapa ni mtunzi. Wimbo wenyewe haufiki dakika tatu, na beti ya ziada ingetosha kabisa.

Uthibitisho kwamba anaweza zaidi ya hapo upo katika albamu iliyoubeba wimbo huo, Where I've Been, Isn't Where I'm Going, iliyotoka tarehe 31 Mei 2024 ikiwa na nyimbo 12. Wimbo wa kwanza, "Horses & Hellcats", unamfunga farasi na gari la kasi katika anwani moja, na kwa jozi hiyo unaeleza nafasi ya mwimbaji kati ya ng'ombe na lami kuliko hotuba yoyote juu ya asili. Katika "My Fault", anaouimba na Noah Cyrus, mlevi yuleyule wa baa anarudi akiwa amekwisha kulevuka, na safari hii hana wa kumlaumu. Sauti yake nzito, ambayo katika wimbo wa baa inafunikwa na makofi ya umati, hapa inaachwa peke yake, na nyufa zake zinasikika. Wimbo wa mwisho, "Finally Over", ni wa mwimbaji anayewazia kwisha kwa umaarufu kabla haujakwisha. Si nyimbo zote zinazofikia kiwango hicho. Katikati ya albamu pana barabara nyingi na chupa nyingi zinazofanana mno, na tungeondoa mbili au tatu bila majuto.

Makala ya mwanafunzi wetu tumeirudisha. Ukurasa wa jina la Chibueze tumeuacha ulivyo, maana umeandikwa vizuri. Tumemwomba asikilize "My Fault" na wimbo wa baa mfululizo, mara tatu, kisha atuandikie kurasa mbili juu ya nafsineni wa nyimbo hizo mbili: je, ni mtu mmoja?